Bibi Kitalu na Waya wa Moyoni

Mteja aliyefika kwa Bibi Kitalu hakuanza kwa kuuliza bei. Aliulizwa yeye. Mche unaupeleka wapi? Udongo wa huko ni mfinyanzi au kichanga? Nani atamwagilia ukisafiri? Na kabla hujamaliza kujibu alikuwa ameshakutazama viatu, kwa sababu aliamini viatu vinasema kweli kuhusu udongo kuliko mwenye viatu.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka kiwanda fulani cha Zegereni, shati limepigwa pasi, akitaka miashoki mia mbili ya kupanda kando ya ukuta. Ilikuwa biashara ya mwezi mzima. Bibi Kitalu akamtazama viatu.

"Hapo kiwandani mmeshindilia kifusi," alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo cha lori ngapi?"

Yule bwana akacheka. "Mama, wewe niuzie miti. Ikifa ni juu yangu."

"Ikifa ni juu yangu mimi. Watu watapita waone imekauka, waulize imetoka wapi, waambiwe kwa bibi wa Mkuza. Nenda kachimbe mashimo ya kufika gotini. Ukimaliza nipigie nije niyaone."

"Mashimo mia mbili uyaone wewe?"

"Nitaona kumi. Mwongo hujulikana kwa kumi."

Hakurudi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uzio nikianua nguo, nikamwambia amefukuza riziki. "Riziki haifukuzwi," alinijibu bila kugeuka. "Mpumbavu ndiye anafukuzika."

Tulipakana pale Mkuza, Kibaha, seng'enge kwa seng'enge, kwa miaka kumi na moja, kabla hajahamishia miche yake Kibuta. Mtaa mzima ulimwita Bibi Kitalu, hata waliomzidi umri. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani sitaeleza, kwa kuwa mwenyewe hakuyapa nafasi mambo hayo. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia, na hasa ya ule mwaka alioishi na waya moyoni huku kichwani ana jambo moja tu: kumpeleka mdogo wake hospitali kabla moyo haujamuua.

Kazi yake kubwa ilikuwa kubebesha. Alichukua mche mchanga wa mkorosho au wa mchungwa, akaukata kichwa, akalipasua shina katikati, kisha akachomeka kikonyo alichokikata kwenye mti mwingine aliojua tabia yake, na mwisho akapafunga kwa utepe wa nailoni. Kisu chake hakikuguswa na mtu. Alikifuta kwa spiriti kabla ya kila mche, na ukimwuliza kwa nini hapumziki kukifuta, alikuuliza na wewe kama unakula kwa mkono uliotoka nao chooni.

Nilimwangalia kwa miaka, na kitu kilichonishangaza si ukataji. Alikata haraka, kama mtu anayemenya kitunguu. Polepole yake ilianza kwenye kufunga. Alishusha utepe mzunguko kwa mzunguko, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, na hapo hata simu ikiita hakupokea. "Kukata kila mtu anajua," alisema. "Kazi iko kwenye kupona."

Wiki kadhaa baadaye alipita mstari kwa mstari akitoa zile tepe kwa ukucha. Mche uliosahauliwa na utepe wake ulimtia hasira kwa siku nzima, maana ulikuwa umeanza kuvimba juu na chini ya utepe na kukabwa katikati. Alipenda kusema kuna majeraha mawili yanayoua mche: linalokataa kufunga, na linalofunga kwa kiburi.

Kwa maneno alikuwa mkali, kwa mikono mlegevu. Mtu aliyetoka kutukanwa kwa kuua mparachichi aliondoka na mparachichi mwingine wa bure. Ukija kuomba chumvi ulipewa na nyanya. Ndani ya chumba chake cha kuhifadhia mbolea kulikuwa na kopo la biskuti lililojaa vidonge: vya maumivu, vya malaria, vya kikohozi, mabaki ya dozi za watoto na wajukuu. Mtaani kwetu mwenye kichwa kinachogonga alianza kwa Bibi Kitalu kabla ya duka la dawa. Nilipomwambia kwamba dawa haigawiwi hivyo, aliniangalia kama nimesema tusi.

"Kwetu Kibuta," alisema, "dawa ni kama moto. Jirani anakuja na kijinga cha kuni anauchukua. Mwenye dawa akinyima, huyo anakula amefunga mlango."

Uongo aliuchukia, ila kwa jambo moja alidanganya kila siku, nalo ni afya yake. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Akiulizwa habari za chai, alijibu kwamba anatia kijiko kimoja tu. Niliwahi kukiona kijiko chenyewe. Kilikuwa cha kupakulia wali.

Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza, alisema ni gesi. Alipopanda ngazi ya tangi la maji kifua kilibana kama mtu amekikalia, maumivu yakapanda mpaka kwenye taya. Akishuka na kukaa, yanaondoka. Alikunywa tangawizi. Alikunywa maji ya moto na ndimu. Ilifika mahali safari ya kutoka kitandani kwenda chooni aliigawa mara mbili, akikaa njiani kwenye ndoo. Binti yake anayefanya kazi Dar alikuja, akaiona ile ndoo katikati ya njia, akauliza ya nini, na jioni ileile akampeleka mjini. Mshipa mmoja wa moyo ulikutwa umeziba karibu wote. Waliupanua, wakaweka ndani yake kile kifaa cha wavu wa chuma kinachoushikilia usifunge tena. Madaktari wanakiita stenti. Yeye alikiita waya.

Alirudi Mkuza baada ya siku chache, na tangu hapo wateja walisikia habari ya waya kabla ya kuona mche.

"Wameuingiza hapa," alisema akionyesha kifundo cha mkono wa kulia, "ukatembea wenyewe mpaka kwenye moyo. Na mimi niko macho! Naongea na daktari habari za michungwa yake, inapukutisha maua."

"Hukuogopa, bibi?"

"Niogope nini? Mimi nimebebesha miche mingapi? Leo na mimi nimebebeshwa."

Majigambo hayo hayakuwa ya bure. Kibuta alikuwa na mdogo wake wa kike, mjane, mkulima wa mihogo na korosho, ambaye alianza kubanwa kifua vilevile akipanda kutoka shambani. Alishapimwa, akaambiwa aende mjini akaangaliwe mishipa ya moyo. Alikataa. Hakutoa sababu, alitoa visingizio. Bibi Kitalu akajifanya tangazo la biashara. Kila siku baada ya swala ya alasiri alipiga simu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, nami nikasikia kila neno.

"We mtoto, umeamuaje?" Huyo mtoto alikuwa na wajukuu watano.

"Dada, nimekwambia mihogo haijaisha."

"Mihogo ya mwaka jana au ya mwaka huu?"

"Yote."

"Sikiliza. Mimi nilikuwa sifiki chooni. Leo nimepanda ngazi ya tangi nimebeba keni mbili za maji. Nimepona kabisa. Kabisa! Niangalie mimi!"

"Nitakuangaliaje kwenye simu?"

"Basi njoo unione."

"Nikija utanipakia kwenye gari la hospitali."

"Ndiyo, nitakupakia!"

Simu ikakatwa. Kesho yake ikapigwa tena.

Miezi kadhaa ilipita hivyo. Kisha nikaanza kuona vitu vidogo, na kama kawaida ya mtu anayeona vitu kila siku, sikuviunganisha. Kiti chake, kilichokuwa kikikaa mlangoni, kilisogea karibu na tangi. Wateja wakaanza kuamriwa wabebe miche wenyewe mpaka kwenye gari, naye akiwapigia kelele wasiishike kwa shina. Halafu simu za alasiri. Siku moja niligundua kwamba hasemi tena "niangalie." Alisema "nisikilize."

Nilipovuka uzio asubuhi moja kurudisha reki yake, nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiganja kwenye taya. Nusu ya miche ilikuwa imemwagiliwa na nusu ilikuwa mikavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usimwambie."

"Nisimwambie nani?"

"Unamjua."

Binti yake alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo nilimpeleka mimi hospitali kwa kigari changu. Njia nzima alikuwa na hasira na ule waya. Bomba likizibuliwa limezibuliwa, alisema. Ama fundi hakumaliza kazi, ama waya wenyewe ni wa Kariakoo. Walimpiga picha ya mishipa, na siku mbili baadaye tukaitwa kuelezwa majibu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti ya chini, mwenye tabia ya kugeuza kioo cha kompyuta ili mgonjwa naye aone.

"Bibi, waya uko palepale tulipouweka. Haujavunjika wala haujahama. Lakini ndani yake mshipa umebana tena."

"Basi ulikuwa mbovu."

"Waya ni mzima. Ni nyama ya mshipa wako imeota ikapenya kwenye matundu ya wavu, ikajaa ndani."

Bibi Kitalu aliyekuwa ameegemea kiti akajiinua. "Imeota?"

"Imeota. Tulipoupanua mshipa tuliujeruhi, hakuna namna ya kuupanua bila kuujeruhi. Mwili ukiona jeraha unalitibu. Na sisi tunataka utibu; tunataka uufunike ule waya kwa utando mwembamba, damu isiguse chuma ikaganda. Kwa watu wengi mwili unafunika, unaacha. Kwa wengine hauachi. Unaendelea kuotesha mpaka njia inakuwa nyembamba tena. Waya wako umepakwa dawa ya kupunguza huko kuota, lakini inapunguza tu, haizuii kwa kila mtu. Na mwenye sukari hatari yake ni kubwa zaidi."

"Kwa hiyo nimepona kupita kiasi."

Daktari alitabasamu. "Mahali pale, ndiyo. Naweza kusema hivyo."

"Mtafanyaje sasa?"

"Jumatano urudi. Tutapanua tena kwa puto lenye dawa. Ikilazimu tutaweka waya mwingine ndani ya ule." Akavuta karatasi. "Sasa vile vidonge vya kuzuia damu kuganda. Unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

"Siku zake."

Daktari akainua uso. "Siku zake ni zipi, bibi?"

Bibi Kitalu akautengeneza ushungi ambao haukuharibika. "Siku moja mimi," alisema, "siku moja mdogo wangu."

Hapo ndipo na mimi nilipojua. Kila alipochukua dawa za mwezi alizigawa mafungu mawili, lake na la Kibuta, likapelekwa na mtu yeyote aliyekuwa na safari ya huko. Mdogo wake hakutaka kuja hospitali, basi yeye aliipeleka hospitali kwake, kidonge kwa kidonge, asife wakati bado anambembeleza.

Daktari hakufoka. Aliweka kalamu chini. "Huyo mdogo wako ana vidonda vya tumbo?"

"Nani hana?"

"Bibi."

"Anavyo."

"Amepata choo cheusi? Kizunguzungu?"

"Hajaniambia." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwa miaka yote ile, akauliza, "Ndiyo maana imerudi? Kwa sababu niligawa?"

Nilidhani daktari atasema ndiyo, ili amtie adabu. Angeweza, na asingeulizwa na mtu.

"Hapana," alisema. "Nyama kuota ni jambo jingine, ingeweza kuota hata ungekunywa kila siku. Ulichokifanya wewe kingeleta kitu kibaya zaidi ya hiki: damu kuganda ghafla ndani ya waya. Hiyo haibishi hodi. Uko hapa kwa rehema ya Mungu tu. Na mdogo wako anakunywa dawa ambayo hakuandikiwa na mtu, inaweza kumtoa damu tumboni asijue. Aiache leo. Sio kesho. Na aje tumwone, maana ugonjwa wake bado uko palepale."

Tulipitia Mkuza kwanza, kwa sababu Bibi Kitalu hakwenda Kibuta mikono mitupu hata siku moja. Alichagua michungwa mitatu ya kubebesha akaniachia niibebe. Kisha badala ya kwenda kwenye gari, akaenda kwenye uzio wetu.

Nguzo moja ya uzio ule ilikuwa mjohoro ulio hai. Mwaka niliohamia niliupigilia seng'enge kwa misumari, na mti ukaendelea kunenepa. Sasa waya uliingia kwenye gome upande mmoja ukatokea upande wa pili, na pale ulipoingia gome lilikuwa limetuna kama midomo. Misumari haikuonekana kabisa.

"Ulidhani unaufunga mti," aliniambia. Alipitisha kidole gumba juu ya ule uvimbe, taratibu, kama anavyokagua kazi yake. "Hauna ubaya, maskini. Umeona jeraha, ukatibu. Miaka yote hii natembea na ukucha natoa tepe kwenye miche zisije zikamezwa. Waya wangu hautolewi."

Nikamwambia jua linakwenda.

"Nikimwambia waya wangu umeziba, hatakwenda hospitali mpaka anakufa," alisema. "Nisipomwambia kitu, atakunywa vile vidonge mpaka tumbo litoboke."

"Mwambie vidonge tu. Sema vimekatazwa. Habari ya waya iache mpaka Jumatano ipite."

Nilijiona nimetoa shauri la busara, naye alilikubali. Njiani, tulipotoka Kiluvya mpaka tukatokea Kisarawe mjini, alikuwa akijizoeza maneno kwa sauti: daktari amesema hivi vidonge ni vya mwenye waya peke yake, wewe huna waya, basi nirudishie, na njoo uwekewe wa kwako kama mimi. Yalikuwa maneno mazuri. Alipofika kwenye "kama mimi" alinyamaza kidogo, akaanza upya.

Kibuta tuliacha gari barabarani. Njia ya kwenda nyumbani kwa mdogo wake inapanda katikati ya mihogo, si mbali, lakini inapanda. Mimi nilitangulia na michungwa. Mwenyeji alikuwa amekaa barazani akimenya mihogo kwenye beseni la maji, mwanamke mwembamba, macho makali, anayefanana na dada yake kwa kidevu. Nilimsalimia, tukaulizana habari za Kibaha, za watoto, za mvua. Wakati wote huo macho yake yalikuwa nyuma yangu, njiani. Dada yake alifika baadaye, wakaamkiana, akakaa kwenye mkeka na kunyoosha miguu. Tuliletewa maji. Tuliletewa mihogo ya kuchemsha na nazi. Hakuna aliyeharakisha.

"Nimekuja kuchukua vidonge vyangu," Bibi Kitalu alianza.

"Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa. Daktari kasema vinaweza kukutoboa tumbo. Umepata choo cheusi?"

"Dada! Mbele ya mgeni?"

"Huyu si mgeni, huyu jirani. Umepata?"

"Sijapata. Na nusu sijavinywa, vinanichoma." Akaendelea kumenya. "Umekuja Kibuta kwa vidonge tu?"

Hapa ndipo palikuwa na yale maneno tuliyotoka nayo. Nilimtazama, nikimsukuma kwa macho ayaseme. Bibi Kitalu alifungua mdomo, akaufunga.

"Wangu umeziba tena," alisema.

Kisu cha mdogo wake kilisimama juu ya muhogo. Nikasema moyoni, basi, imeharibika.

"Nilijua," mdogo wake alisema.

"Umejuaje?"

"Kutoka garini mpaka hapa umesimama mara tatu. Kwanza umetazama pilipili. Ya pili umetazama mihogo yangu. Ya tatu umesimama kutazama kuku. Wewe toka lini unapenda kuku?"

Bibi Kitalu alianza kucheka, akajizuia kwa mkono kifuani, na mdogo wake naye akacheka huku akimwambia asicheke, atakufa barazani kwake ampe kesi.

"Kwa hiyo nisiende," mdogo wake akasema. Sikujua kama anauliza.

"Mimi sikwambii tena niangalie. Sijapona." Bibi Kitalu aliongea polepole, kama mtu anayeshusha utepe. "Waya hauna kosa. Mwili ndio umeona jeraha ukaotesha nyama, ukazidisha. Kwa wengi haizidi. Kwangu imezidi, na sukari yangu na chai yangu vimesaidia. Wewe huna sukari. Labda kwako haitakuwa. Labda itakuwa, sijui, na daktari mwenyewe hajui. Ninachojua, kabla ya ule waya nilikuwa nakaa kwenye ndoo nusu ya njia ya chooni. Baada yake nilipanda ngazi ya tangi miezi na miezi. Ile miezi niliipata. Jumatano wanapanua tena, na mimi nakwenda."

Mdogo wake aliukata muhogo vipande viwili. Jogoo alikuja karibu na maganda, akamfukuza kwa mguu. Kisha, macho yakiwa kwenye beseni, akauliza:

"Wanakuvua nguo?"

"Wapi?"

"Huko wanakoingiza waya. Wanakuvua zote? Mbele ya wanaume?"

Bibi Kitalu alibaki anamtazama. Mimi niliinuka nikaenda kutazama michungwa iliyokuwa haihitaji kutazamwa, hatua nne tu kutoka pale, nikaendelea kusikia.

"Hilo ndilo ulilokuwa unaogopa? Siku zote hizo?"

"Hilo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza saa ngapi, dada? Wewe ulikuwa umepona."

Alasiri ilikuwa imefika. Kwa mbali mtu alikuwa akiadhini. Bibi Kitalu alingoja adhana iishe.

"Wanakupa gauni lao," akasema. "Wanakufunika shuka. Mimi walipitishia hapa." Akanyoosha mkono wa kulia, akaonyesha kifundo.

"Mkononi tu?"

Niligeuka. Niliona uso wake, na niliona kwamba jibu fupi liko mdomoni, tamu, lenye kumaliza kila kitu. Lilikuwa hata si uongo, kwa upande wake.

"Mimi mkononi," alisema. "Wengine mshipa wa mkono unakataa. Wakishindwa mkononi wanapitia pajani, hapa juu. Na daktari anaweza kuwa mwanamume. Unaweza kuomba awepo mwanamke chumbani, ukiomba watakusikiliza, lakini siwezi kukuapia."

Mdogo wake alichukua muhogo mwingine. Aliumenya kutoka mwanzo mpaka mwisho, ganda likatoka refu bila kukatika, akautumbukiza kwenye maji, akafuta kisu kwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Jumatano?"

"Jumatano."

"Basi shuka nitakuja na yangu," alisema, akanyanyuka kwenda ndani kuvileta vidonge.